Nimestaafu, nimebaki Kusini

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, mdogo wangu wa kiume hunipigia simu kutoka Kibosho. Huanza na mvua, akaja kwenye bei ya kahawa, akanitajia waliougua na waliooa, na mwisho kabisa ndipo analitoa lile alilopigia simu: "Dada, Krismasi unakuja?"

Kwetu Uchagani Desemba ni mwezi wa kurudi. Mabasi ya Moshi yanajaa, mbege inapikwa, ndugu waliotawanyika nchi nzima wanakutana chini ya migomba waliyozaliwa. Safari hiyo nimeifanya nikiwa mwalimu kijana, nikaifanya nikiwa na watoto mgongoni, nikaifanya nikiwa mjane. Lakini tangu nistaafu mwaka 2018 nimekwenda mara 2 tu. Nikimweleza sababu, hunyamaza kidogo, kama mtu anayehisi anafichwa ugonjwa.

Sababu yenyewe ni hii: Desemba huku Mikindani, mkoani Mtwara, embe zimeiva, korosho za mwisho zinaokotwa, mvua ya kwanza imegonga mchanga na kumbikumbi wanatoka ardhini jioni. Nikiondoka, vyote hivyo vitapita nikiwa sipo, na sina miaka mingi ya kuvisubiri tena.

Nilifika Kusini kwa barua. Ilikuwa mwaka 1982, nimemaliza chuo cha ualimu, na barua ya kupangiwa kituo ikasema Mtwara. Wenzangu walinipa pole, na pole zao zilitoka moyoni. Nyakati zile mtumishi aliyekosana na mkubwa wake alitishiwa kuhamishiwa Lindi au Mtwara, na neno "Kusini" likitajwa ofisini watu waliangalia chini. Kulikuwa na sababu. Daraja la Rufiji halikuwapo. Tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua ikinyesha njia ya ng'ambo iligeuka uji. Safari yangu ya kwanza basi lililala porini siku 3. Wanawake tuliokuwamo tuliunganisha unga, sukari na sufuria moja, tukawapikia watoto uji kando ya tairi lililozama hadi katikati. Mama mmoja wa Kilwa, ambaye sikuwahi kumwona tena, alinivua viatu vyangu vya visigino akanipa kandambili zake za akiba. Ndiye mtu wa kwanza wa Kusini kunipokea.

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, likaitwa Daraja la Mkapa, jina la mtoto wa Lupaso kule Masasi aliyekuwa rais wakati huo. Kipande cha lami kati ya Ndundu na Somanga kilichukua zaidi ya miaka 10 mingine kukamilika. Sasa unapanda basi Dar alfajiri, jioni uko Mtwara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yakaikata barabara ile ile maeneo ya Somanga, na vijana wa mtaani kwangu wakashangaa jinsi wazee tulivyokuwa watulivu. Sisi tunajua kusubiri barabara.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Miaka 36 nimechora pepo za msimu ubaoni: mshale wa kusi kutoka kusini mashariki, mshale wa kaskazi kutoka kaskazini mashariki, chaki ya buluu kwa bahari. Maswali ya mtihani niliyajua hata nikiamshwa usingizini. Nimefundisha Newala, nimefundisha Masasi, nikamalizia Mtwara mjini, na kiwanja hiki cha Mikindani, kilometa 10 hivi kutoka mjini, mimi na marehemu mume wangu tulikinunua mwaka 1999 kwa kukopa. Lakini maisha yangu yote hayo yalikwenda kwa kengele. Muhula wa kwanza, muhula wa pili, mitihani ya taifa, kusahihisha. Upepo ulikuwa kitu kinachopeperusha karatasi, kwa hiyo nilifunga dirisha.

Miezi ya kwanza ya kustaafu ilinielemea. Mafao yalichelewa, ofisi iliyohusika ikawa inaniambia njoo Jumatatu, njoo Jumatatu, hadi nikaichukia siku yenyewe. Saa 11 alfajiri macho yamefumbuka, na hakuna popote ninapotakiwa. Naoga, navaa, nakaa sebuleni na mkoba wangu wa shule miguuni. Nilifanya hivyo kwa wiki kadhaa.

Aliyenitoa pale ni jirani yangu. Tunaitana somo, kwa sababu majina yetu yanatokana na mama mmoja anayetajwa kwenye Biblia na kwenye Kurani. Yeye akaitwa Kiislamu, mimi Kikristo. Ni mzaliwa wa hapa, ana miaka kama yangu, na tangu akiwa msichana amekuwa akishuka mwambani. Asubuhi moja akapiga hodi akiwa amejifunga khanga kiunoni, kikapu begani, mkononi kijiti kirefu chenye ncha ya chuma.

"Mwalimu, maji yamekauka. Twende."

Nikamwambia sijui kufanya chochote kule.

"Utajua. Vua hiyo saa."

Ndivyo nilivyojifunza bamvua nikiwa na miaka 60. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari huku inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku hizo maji hukauka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Mambo haya nilikuwa nayafundisha! Jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, nguvu za uvutano zinaungana. Mchoro wake naweza kuuchora hata sasa. Ila sikuwa nimewahi kuona kwamba mstari ule ukinyooka, wanawake wa mtaa mzima wanashuka pwani na vikapu.

Somo hutembea taratibu, macho chini, hasemi. Pweza hakai wazi. Unachotafuta ni mlango wake: shimo kwenye mwamba, na mbele yake vipande vya maganda ya kaa, makombe matupu, vijiwe vilivyopangwa kama mtu aliyefagia uchafu akauacha kizingitini. Mara yangu ya kwanza nilipita mashimo 3 nisiyaone. La 4 alinishika mkono akanisimamisha, akaingiza kijiti polepole, akakizungusha. Maji yakatibuka. Kisha ukatoka mkono mmoja, wa rangi ya mwamba wenyewe, ukakipapasa kijiti kama kipofu anavyopapasa uso wa mtoto, na ngozi yake ikabadilika mbele ya macho yangu kutoka kahawia hadi nyekundu hadi nyeupe yenye madoa. Nilisahau kupumua. Somo alimvuta, akampindua, akampiga juu ya jiwe mara nyingi mpaka akalainika, huku akiniambia yule mdogo tuliyemwona shimo la nyuma tumwache, arudi mwezi ujao akiwa mkubwa.

Siku ile nilikula supu ya pweza yenye ndimu na pilipili mbuzi, miguu imechanjwa na matumbawe, nikalala mchana kama mtoto. Mkoba wa shule niliupeleka stoo.

Tangu hapo kalenda yangu ni nyingine. Watu wa Dar na wa Moshi wanadhani mvua ni mbili kila mahali, masika na vuli. Huku kwetu ni moja: inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inatulia kidogo, inarudi kwa nguvu, na Aprili ikielekea kwisha inaanza kuondoka. Wazee wana msemo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni lile fungu la nyota ndogo zinazobanana kama vifaranga. Sasa nakifuatilia. Mwishoni mwa Aprili nakaa barazani baada ya magharibi na kukitazama upande wa machweo kikishuka kila siku chini zaidi, mpaka jioni moja hakipo, na mvua za mwisho bado zinadondoka. Juni, kabla hakujapambazuka, natoka nje na shuka mabegani kukitafuta mashariki. Kinapochomoza, anga ni kavu na kusi imeshika. Mwaka jana nilikiona siku 2 kabla ya somo, akanipa mkono kunipongeza.

Kusi ndiyo baridi yetu. Mtu wa Kibosho hawezi kuiita baridi, najua, lakini usiku wa Julai hapa kilimani natafuta blanketi. Bahari nje ya ghuba inachafuka, mashua ndogo hazitoki, samaki wanapungua na bei inapanda. Watu wanahamia kwenye vitu vya ardhini. Hapo ndipo ming'oko inapokuja.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajaila. Ni mizizi ya porini, haina mpandaji. Akina mama wanaingia msituni na jembe na subira, kwa sababu mng'oko haukai mmoja mmoja wazi. Unafuata shina lake jembamba kama uzi hadi chini. Unachemshwa na chumvi, unauzwa ukiwa na ganda, na stendi za Lindi na Mtwara wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi nayo. Unaumenya kwa meno, unautia pilipili, na ladha yake iko kati ya kiazi na karanga mbichi. Marehemu mume wangu, mtu wa Songea, alikuwa akisema ming'oko ndiyo iliyomuoa, mimi nilikuja baadaye. Kila Julai nanunua ya shilingi elfu 1, nakaa nayo kaburini kwake asubuhi, nakula nusu. Nusu nawapa watoto wanaofagia pale.

Na kwenye kusi hiyo hiyo wanapita nyangumi.

Niliishi kwenye mkoa huu miaka 37 kabla ya kuwaona. Wanatoka kwenye maji ya barafu kusini ya dunia, wanapanda kuja kwenye maji ya uvuguvugu kuzaa na kunyonyesha, na kati ya Julai na Novemba wanaonekana nje ya Msimbati, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma. Binti yangu alikuja likizo Agosti 2019 tukakodi gari, barabara ya mchanga, tukachukuliwa na mashua ya nahodha aliyenijua. Alikuwa mwanafunzi wangu kidato cha pili, na alikaa dawati la nyuma. Aliona kabla yetu. "Mwalimu, tazama kule moshi." Ulikuwa mfuko mweupe wa mvuke uliosimama juu ya maji, ukapeperuka. Kisha mgongo mweusi, mrefu, usiokwisha, na ubavuni mwake mgongo mwingine mdogo. Mama na mtoto. Nahodha alizima injini bila kuambiwa. Tuliwasikia wakivuta pumzi. Ni sauti ya mtu mkubwa aliyechoka anayeketi. Binti yangu, ambaye huongea tangu anaamka, hakusema neno hadi tulipofika pwani.

Wageni huwa wanakuja Mikindani kwa ajili ya mawe. Wanapiga picha Boma la Wajerumani la mwaka 1895, wanaoneshwa mahali Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, wanagusa milango ya nakshi, na baada ya saa 1 wamepanda bajaji kurudi mjini. Siwalaumu, na mimi niliwaleta wanafunzi wangu vivyo hivyo. Lakini natamani mmoja wao angekaa mpaka usiku wa giza, pale taa za wavuvi wa dagaa zinapowashwa nje, moja, mbili, hamsini, ukadhani umezuka mji mwingine baharini.

Korosho ndiyo mwaka wenyewe wa Kusini, vingine ni vya pembeni. Nina heka 2 na mikorosho 43. Juni tunapalilia chini yake. Majani machanga na maua yakitoka inabidi kuyapulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika tunda. Kijana ananisaidia na mashine, maana mabega yangu hayaibebi tena. Agosti shamba linanukia. Harufu ya maua ya mkorosho ni tamu na nzito, inapanda zaidi jua likishazama, na nyuki wanavuma juu yako usione hata mmoja. Kuanzia mwisho wa Septemba zinaanza kudondoka.

Korosho nzuri haichumwi. Unangoja bibo, lile tunda linaloshikilia korosho, liive, lijiachie lenyewe, ndipo unaokota. Hicho ndicho kilichonipendeza kuliko vyote, mimi niliyeishi kwa tarehe za mwisho. Kila alfajiri naingia chini ya mti na ndoo, umande bado upo, mabibo mekundu na ya njano yametapakaa, unainama, unashika bibo mkono huu na korosho mkono huu, unazungusha, inaachia. Utomvu wa bibo ukidondokea nguo hautoki. Nina gauni moja la kazi lenye madoa ya misimu 7. Korosho zinaanikwa, zinapangwa madaraja, zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani na kungoja mnada. Siku za mnada redio zote mtaani zinasema jambo moja. Mwaka niliostaafu, serikali ilinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakapita barabara hii kubeba magunia. Bei hupanda na kushuka, na nyumba zetu hupanda na kushuka nayo: bati jipya, ada, harusi, ngoma za unyago zinazolia usiku kucha mpaka Desemba.

Lakini debe moja haliendi mnadani. Hilo ni la moto.

Tunachoma nyuma ya nyumba ya somo, upande ambao upepo unapeleka moshi uwanjani, kwa sababu moshi wa korosho unawasha macho na koo. Bati kuukuu limetobolewa matundu kwa msumari. Chini ni makumbi ya nazi. Korosho zinamwagwa juu, na mjukuu wake mkubwa anazigeuza kwa fimbo ndefu akiwa amegeuza uso. Kwanza hakuna kitu. Kisha maganda yanaanza kutoa jasho, mafuta yanachuruzika kwenye matundu, na ghafla bati zima linalipuka moto wenye moshi mweusi, korosho zinapasuka na kuruka, watoto wanakimbia wakicheka. Hapo ni hesabu ya pumzi. Ukiwahi, ni mbichi, ukichelewa, mkaa. Somo haangalii moto, anasikiliza. Mlio ukibadilika anasema "Sasa," bati linapinduliwa mchangani, mchanga unatupiwa juu, moto unakufa.

Kisha tunakaa kwenye mkeka. Tunapaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasituunguze, jiwe chini, jiwe mkononi, pigo moja la kipimo. Ganda jeusi linafunguka na ndani yake kuna kitu cheupe, kizima, chenye joto, kimejikunja kama mtoto tumboni. Ya kwanza kila mmoja anamlisha mwenzake. Ndivyo mama yake somo alivyofanya, na sasa ndivyo tunavyofanya.

Si kwamba huku hakuna shida. Januari na Februari joto linanikosesha usingizi, ghala za watu ziko tupu na mvua imewafungia shambani. Watoto wangu wako Dar na Mwanza, wajukuu nawaona kwenye simu. Presha ninayo. Tangu ianze kazi hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo nimepunguza safari za Dar, nashukuru sana kwa hilo. Na ndizi! Mtori wa kweli naupika labda mara 3 kwa mwaka, ndizi zikija na mtu.

Ila najua kwamba mdogo wangu akiuliza habari za Krismasi, sicho anachouliza. Yeye ni kitinda mimba, ndiye mwenye nyumba ya wazazi, ndiye anayelima kihamba, shamba la ukoo, ambamo baba na mama wamelala katikati ya migomba na kahawa. Kwetu mtu hurudi pale. Mwaka juzi alilisema waziwazi: "Dada, ukiondoka duniani tukufuate huko?" Nilimjibu kwamba mume wangu yuko huku. Akasema anaelewa. Hakuelewa, na mimi nilipokata simu nililia, kwa sababu nakipenda kile kihamba, naijua sauti ya mfereji wake, na kuchagua kaburi ni kumwambia ndugu yako jambo ambalo hakuna namna nzuri ya kulisema.

Desemba iliyopita sikwenda tena, lakini safari hii sikunyamaza. Tulichoma madebe 2. Nilibangua kwa siku 4 mpaka kucha zikawa nyeusi, nikajaza ndoo ya lita 10, nikaweka juu embe sindano 12 ambazo hazijaiva sawasawa ili zivumilie njia, na mfuko wa mabibo makavu, kochoho, ambayo nilijua hajawahi kuyaona. Nikaifunga kwa kamba, nikaandika jina lake, nikamkabidhi kondakta. Ndoo ikalala Dar, ikapanda basi jingine, ikafika Moshi siku ya 3.

Alinipigia usiku wa tarehe 23. Nyuma yake nilisikia nyumba nzima: watoto, sahani, mtu anaimba. Akasema kondakta amelalamika kwamba harufu imewatesa abiria njia nzima. Akasema kochoho watoto wameligombania. Kisha nikamsikia anatoka nje, mlango ukafungwa, makelele yakapungua, na nikajua amesimama uani, upande wa migomba.

"Wale nyangumi wako," akasema. "Ulisema huwa wanapita mwezi wa ngapi?"

"Wa 7 wanaanza. Wa 8 ndio wengi."

"Wa 8 kahawa haijanibana sana."

"Basi njoo wa 8," nikamwambia. "Basi likitoka Dar alfajiri, jioni nitakuwa stendi."